Fundo la Mwani

Maji ya bamvua yakishakupwa pwani ya mashariki ya Unguja, kina mama wa Paje na Jambiani huteremka na kamba begani. Wana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Nimekaa nikaitazama mikono yao muda mrefu, na bado sijui kama naweza kueleza sawasawa kinachofanyika pale kwenye fundo.

Mbegu ni kitawi kinachoenea kiganjani. Hushikwa kwa taitai, uzi mwembamba uliokwisha kufungwa kwenye kamba, na baina ya kitawi na kitawi huachwa kama shibiri moja. Fundo likikazwa sana, uzi hukata shina. Likilegea, wimbi huondoka na mbegu. Mama niliyekuwa naye hakuvitazama hata vidole vyake. Alichukua kitawi, akakikunja, kikalia kwa kuvunjika.

"Hii ndiyo, mwanangu. Ile inayopinda kimya haina nguvu."

Kilimo hiki kilianza huku mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na nyuma yake kulikuwa na miaka ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wanazijua aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo dhaifu. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, matawi yake yakawa yanapauka, yanalainika na kukatika. Kina mama waliliona hilo mikononi mwao. Watafiti waliliona kwenye vipimajoto.

Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hichohicho, ni miongoni mwa waliokaa na tatizo hili miaka mingi. Mwaka 2006 ulianzishwa umoja wa mwani Zanzibar, unaowakutanisha wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara, na yeye amekuwa nguzo yake. Ninachokistahi zaidi ni namna kazi hiyo ilivyofanywa. Mtafiti wa mwani hapangi siku zake kwa kalenda ya chuo. Anashuka maji yanaposhuka, na jaribio lake linakaa ndani ya shamba la mtu mwenye watoto wa kulisha.

Jawabu mojawapo lilikuwa kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Lakini huko vijiti vya kufungia kamba havifai, na kamba ya kawaida haihimili mawimbi. Ndipo ukaja wavu ulioshonwa mfano wa soksi ndefu. Ushonaji wenyewe ni wa kawaida. Uhodari uko kwenye kujaza. Wavu hukusanywa nje ya kipande cha bomba la plastiki, ncha moja ikafungwa. Mmoja anasukuma mbegu ndani ya bomba, mwenzake analirudisha bomba nyuma polepole, na wavu unabaki umejaa. Akivuta haraka, mwani unapwaya. Akichelewa, unasongamana na kuchubuka. Wawili hao lazima wapumue pamoja. Baada ya wiki kadhaa matawi yanachomoza kwenye matundu ya wavu, yanakatwa ya nje, na ya ndani yanabaki kuwa mbegu. Taitai hazihitajiki tena.

Si kwamba wavu ulimaliza shida zote. Kina kirefu kinataka mashua, na wengi wa kina mama hawa hawakulelewa kuogelea. Chuo kingeishia kwenye maabara, hilo lisingeandikwa popote. Lilijulikana kwa sababu waliouliza walikuwa wamesimama majini pamoja na walioulizwa. Kutoka mashirikiano hayohayo zimetoka pia sabuni za mwani, kazi ambayo kina mama wa Kidoti wanajulikana kwayo.

Siku ile maji yalipoanza kupanda, mama yule alikuwa amebakiwa na kamba moja. Maji yalimfika mapajani. Hakuongeza kasi. Alikunja kitawi, akasikiliza, akafunga. Akapima shibiri, akachukua kingine.