Nipe Mji

Swali lilikuwa hili: Mlima Kilimanjaro una urefu gani? Nilikuwa darasa la sita, nimevaa sweta la shule lililofuliwa usiku na kukaushwa juu ya jiko, nimekaa mbele ya maikrofoni katika studio ndogo ya redio hapa Moshi mjini. Shule tatu tulialikwa kwenye chemsha bongo. Nikawahi kengele, nikasema mita 5,892. Mtangazaji akatazama kadi yake. "Si sahihi." Swali likahamia shule ya pili, wakasema 5,895, wakapigiwa makofi.

Hiyo 5,892 nilipewa na mjomba wangu, mpagazi wa njia ya Marangu, naye aliisikia kwa wageni aliowabebea mizigo. Miaka mingi baadaye nikagundua kwamba mjomba hakubuni. Ile 5,895 ilitokana na upimaji wa mwaka 1952. Upimaji wa setilaiti wa 1999 ulipata 5,892. Simlaumu sana mtangazaji, maana hata kibao cha kileleni kimeandikwa 5,895. Lakini sikuisahau kadi ile. Nadhani ndiyo iliyonipeleka kwenye shahada ya uzamili ninayohangaika nayo sasa, inayohusu watoto na redio, ingawa kwenye pendekezo la utafiti niliandika sababu zenye heshima zaidi.

Katika kusoma huko nilikutana na kitabu cha Ruth Duskin Feldman cha mwaka 1982, kinachouliza waliishia wapi watoto wa Quiz Kids. Kipindi hicho kilianza Chicago Juni 1940 kupitia NBC. Watoto watano walikaa mezani wamevaa majoho na kofia za wahitimu wa chuo kikuu, wakajibu maswali yaliyotumwa na wasikilizaji. Watatu waliofanya vizuri walirudi wiki iliyofuata, wengine wakapisha wageni. Mdhamini alikuwa kampuni ya dawa ya tumbo, Alka-Seltzer. Mwendeshaji, Joe Kelly, alikuwa mtu aliyeacha shule akiwa mdogo kabisa, na hilo lilikuwa sehemu ya utamu wake: mtu mzima asiyejua, akiwauliza watoto wanaojua. James Watson, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1962, alipita kwenye meza ile.

Feldman mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao. Aliingia ana miaka saba. Ukubwani akawatafuta wenzake na kuwauliza maisha yaliwaendeaje. Kinachonivutia katika kitabu chake ni kwamba anashindwa kukipenda kipindi na anashindwa kukichukia. Anakumbuka raha ya kujua jambo na kulisema mbele ya nchi nzima. Anakumbuka pia watoto waliokua wakiwa na deni wasilojua walikopa lini. Wapo waliofanikiwa na wapo waliobaki wakitafuta mtu mwingine wa kuwapigia makofi kwa kujua majina ya ndege. Joel Kupperman, bingwa wa hesabu wa kipindi hicho, alikuja kuwa profesa wa falsafa, na mtoto wake Michael alilazimika kuchora kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2018, kwa sababu baba hakuwa tayari kuzungumzia miaka ile. Mtu aliyekuwa na majibu yote hakuwa na jibu kwa mwanawe.

Hapo ndipo wasomi wengi wa huko hufikia hukumu: ni biashara, ni watoto kutumiwa. Ni kweli, katika vita watoto hao walizungushwa miji kwa miji kuuza hati za dhamana za serikali. Ila hukumu hiyo inaniachia njaa. Ingekuwa hakuna mdhamini wala vita, bado kungekuwa na kadi.

Nilitarajia kukuta redio yetu ilifanya vivyo hivyo kwa nguo nyingine. Sivyo. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyobeba jina hilo tangu 1965 na kubaki peke yake hewani hadi miaka ya 1990, inakumbukwa na kizazi cha mama yangu kwa Mama na Mwana, kipindi cha hadithi cha Debora Mwenda. Muulize mtu wa umri wa mama, awe wa Rombo au wa Lindi, atakwambia walivyokusanyika kwenye redio moja ya jirani, betri za National zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zifufuke. Mtoto katika kumbukumbu hiyo haulizwi chochote. Anasikiliza. Nawapenda wanaokisifu kipindi kile, lakini wanaposema kiliwalea, huwa nataka kuuliza: kiliwahi kuwasikia?

Walioulizwa maswali walikuwa watu wazima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu takriban milioni mbili katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, wakajadili: maji yetu yanatoka wapi, vyoo vyetu viko wapi. Hakukuwa na kengele. Jibu lilikuwa shimo la choo, na kila kijiji kilichimba la kwake. Kama somo la jinsi redio inavyoweza kuuliza, naliweka juu ya Quiz Kids bila kusita, hata nikijua kwamba aliyetunga maswali alikuwa serikali na alishajua anataka mashimo.

(Moshi nayo ina kisa chake. Studio ya Walutheri hapa ilitengeneza vipindi vya Kiswahili vilivyopelekwa Addis Ababa kurushwa na Sauti ya Injili, kuanzia 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipokichukua kituo mwaka 1977. Kwa miaka hiyo mtu wa Machame aliweza kusikia sauti iliyorekodiwa chini ya mlima wake ikirudi kwake kupitia nchi nyingine.)

Chemsha bongo niliyoketi mimi, basi, haikurithi Mama na Mwana wala Mtu ni Afya. Na tulikuwa na cha kurithi karibu zaidi. Nyumbani kwa bibi, Kibosho, baada ya kula, swali lilikuwa na utaratibu. Kitendawili! Tega! Anayetega anatega, wengine wanajaribu. Wakishindwa, mtegaji hatoi jibu hadi apewe mji. Nipeni mji. Anapewa Tanga, anaukataa. Anapewa Mombasa, anaufikiria. Akiukubali anasafiri kwa maneno: amefika, amekula wali wa nazi, amepanda meli, amerudi. Kisha ndipo anasema: yai.

Nimejaribiwa kuandika kwamba kitendawili ni huru na chemsha bongo ni gereza. Si kweli. Kitendawili nacho kina jibu moja. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na binamu yangu aliyesema ni kaburi alikataliwa kama nilivyokataliwa mimi, ingawa kaburi ni jibu zuri kuliko yai. Bibi alikuwa na kadi kichwani. Tofauti naiona mahali pengine, kwenye kile kinachotokea kati ya kushindwa na jibu. Redioni pale pana kimya, halafu jina la shule nyingine. Kwa bibi pale ndipo pana mchezo wenyewe: aliyeshindwa bado ana mali ya kutoa, anabembelezwa, anatoa mji mbaya makusudi, na kila mtu anacheka. Zaidi ya hapo, zamu huzunguka. Mtoto wa miaka sita hutega, na wazee hutoa miji. Majibu ya vitendawili vile mengine nimeyasahau. Miji naikumbuka.

Nadhani redio ingeweza kulifanya hili. Sauti ndiyo chombo chake na kitendawili hakihitaji picha. Mtu angehitaji tu kuwa tayari kumwacha mtoto atege na mtangazaji ashindwe hewani.

Siku ile nilipanda daladala kurudi Kibosho nikiwa sina la kusema. Bibi alikuwa amesikiliza. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Umewapa mji gani?"

"Hawakuomba, Bibi. Wamesema si sahihi, basi."

"Mtu hashindwi bure. Nipe mimi, mjukuu wangu."

Nikampa Dar es Salaam. Akasema Dar kuna joto, akanirudishia. Nikampa Arusha, Arusha alikuwa na shemeji aliyemdai. Tulifika Tabora kabla maji ya mtori hayajachemka, na Tabora akaikubali kwa sababu hakuwahi kufika.