Mshono Unatosha Lini?

Katika hadithi fupi ya Alice Walker iitwayo "Everyday Use", iliyotoka mwaka 1973, kuna majibizano mafupi ambayo wasomaji wengi tunayapita haraka. Dee, binti aliyekwenda shule na kurudi nyumbani na jina jipya la Wangero, anaitaka mifarishi miwili ya zamani iliyotokana na magauni ya bibi yake. Mama anamwambia achukue mingine. Dee anakataa: hiyo mingine imepigwa cherehani pembeni. Mama anajibu kwamba cherehani ndiyo itakayoifanya idumu zaidi.

Kwangu mimi, hapo ndipo hadithi inapofunguka. Tumezoea kuisoma kama ugomvi wa urithi: nani ana haki ya vitu vya wazee, yule anayetaka kuvitundika ukutani au yule mdogo wake, Maggie, atakayejifunika navyo? Sawa, ni hivyo. Lakini ni ugomvi wa mshono pia. Mama anauliza mshono unafanya kazi gani. Dee anauliza mshono unamshuhudia nani. Na lile swali linalomsumbua kila mshonaji wa mifarishi, kwamba nakshi kiasi gani inatosha, limekaa katikati ya hawa wawili.

Hebu tuanze na kazi yenyewe. Mfarishi una matabaka matatu: uso wa juu, ambao mara nyingi ni viraka vilivyoungwa, pamba katikati, na bitana chini. Mshono unaopenya matabaka yote matatu ndio unaoyafanya kuwa kitu kimoja. Bila huo, pamba inahama. Ukifua mara mbili tatu, inajikusanya mabonge mabonge, na sehemu nyingine unabaki na vitambaa viwili vitupu. Ndiyo maana mifarishi ya zamani ya pamba ilishonwa karibu karibu. Siku hizi pamba ya viwandani, hasa ya poliesta, hushikana yenyewe, na pakiti nyingine huruhusu mistari ya mshono iachane hata sentimita 20. Kwa hiyo kipo kiasi cha chini, na anayekiamua ni pamba, si macho.

Kipo na kiasi cha juu. Shona mno, hewa iliyomo ndani ya pamba inabanwa, mfarishi unakuwa mgumu kama mkeka na joto lake linapungua. Shona sana sehemu moja uache nyingine wazi, nguo inajikunja, haitandiki vizuri. Mshonaji ana uhuru kati ya mipaka hii miwili, na ni humo tu ndimo inamofaa kumhukumu.

Sasa twende Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichozungukwa pande tatu na mto, ambako wajukuu wa waliokuwa watumwa wa shamba la Pettway wanabeba jina hilo mpaka leo. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akashona mfarishi. Binti yake Arlonzia alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kujifunika nguo zile ili amkumbuke mumewe na kuuhisi upendo wake.

Tazama mifarishi ya nguo za kazi kutoka kijiji hiki. Utaona buluu iliyopauka, utaona mahali mfuko ulipobanduliwa na rangi ya zamani ikabaki nyeusi zaidi. Mshono wake mara nyingi ni mistari au matao sambamba, basi. Hakuna maua, hakuna mashada. Wapo watakaosema ni kwa sababu ya umaskini na haraka: wanawake hawa walilima mchana kutwa, na watoto walihitaji kufunikwa kabla baridi haijafika. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Suruali ya marehemu yenye alama ya magoti tayari inasema. Ukiipambia waridi la uzi juu yake, umemkatiza mtu katikati ya maneno yake.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa Houston, kisha katika jumba la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu. Wahakiki waliifananisha na uchoraji wa kisasa. Sifa hiyo iliwapa washonaji heshima waliyostahili, siibezi. Ila mchoro hauna pamba. Ukiupiga picha mfarishi kwa mbele, taa zikiwa zimeuelekea moja kwa moja, rangi zinabaki na mshono unapotea. Tukafundishwa kusifu uso na kusahau kinachoushikilia.

Mtu asidhani nahubiri uchache. Kule Bengali kuna kazi iitwayo nakshi kantha, na neno hilo la kwanza halihitaji mkalimani kwetu. Wanawake walipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka, wakachomoa uzi kwenye pindo za sari hizohizo, wakajaza nguo nzima kwa mshono mdogo wa sindano kuzama na kuibuka. Mshono umetapakaa kila mahali na hauzidi. Kwa nini? Kwa sababu nguo zenyewe zimechakaa, nyembamba, hazina rangi ya kutegemea. Mshono ndio nguvu, na picha vilevile ni mshono. Ukiupunguza, umeondoa vyote viwili.

Nikirudi kwa Walker, naona alimwonea Dee kidogo. Amemfanya mtu wa kuchekwa, mwenye miwani na kamera, hata hoja yake nzuri isisikike. Maana ana hoja: mkono wa bibi ulioko ndani ya mshono haurudi ukichakaa. Mfarishi wa Missouri Pettway usingeonekana na yeyote wetu kama asingetokea mtu wa kusema usitumike tena. Mama anaposema cherehani itadumisha nguo, anajibu kuhusu nguo. Hajajibu kuhusu mkono.

Jibu lake halisi linakuja baadaye, Dee anapolalamika kwamba kwa Maggie vitu hivi vitakuwa matambara baada ya miaka mitano. Mama anasema Maggie anajua kushona, atashona mingine. Kumbe kinachotakiwa kudumu ni ujuzi. Na ujuzi unajua kiasi, kwa kuwa anayeshona ili mtu alale hawezi kuisahau pamba.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama nakshi imezidi au imepungua, geuza mfarishi. Upande wa bitana hakuna viraka vya kukupumbaza, kuna mistari ya uzi tu. Kila mstari uulize: ukikutoa wewe, pamba itahama, au kuna neno litakosekana? Usiojibu hata moja, fumua.