Herufi D haiko jina la diski

Hapa Eringeti ordinatere nyingi zilipita kwa mikono ya watu wengi mbele ya kufika kwetu, na mara nyingi diski imegawanywa vipande viwili: C ya Windows, D ya kazi. Ukifungua unaona "Disque local (C:)" na "Disque local (D:)". Jina ni moja, ni herufi tu njo inatofautisha. Huo mpango ni mbaya, hata kama tumeuzoea.

Ulitoka kwa CP/M, programu ya Gary Kildall ya miaka ya 1970, na MS-DOS ikauchukua mwaka 1981. Wakati ule A na B zilikuwa matundu ya disketi, mtu aliyaona kwa macho. Ilikuwa na maana. Diski ngumu ikapewa C. Kisha watu wakaanza kugawanya diski moja, na herufi ikaacha kuonyesha kitu cha kushika. Katika DOS, ukiongeza diski ya pili yenye kipande kikuu, chenyewe kilichukua D, na D yako ya jana ikasukumwa kuwa E!

Windows ya leo inajaribu kukumbuka. Inaandika herufi katika rejista yake. Lakini rejista iko ndani ya Windows ile, haiko ndani ya kipande chenyewe. Na sisi watu wa hapa tunajua kukimbia: unatoa diski, unaitia mufukoni, ordinatere inabaki. Kule Beni ao Komanda inafunguliwa na mashine ingine. D yako inakuwa F, na D ya kule ni mali ya mutu mwingine. Hata bila kukimbia: washa mashine kwa fleshi ya kurekebisha Windows, C inaweza kuwa kile kipande kidogo cha kuwashia, na Windows yenyewe iko D. Fundi anayesema "nitafomata C tu, usiogope" anaahidi kitu ambacho herufi haiwezi kushika.

Kwetu wa kilimo hatari kubwa iko kwa Excel. Tuseme jedwali la majumlisho ya kakao liko C, na faili za vipimo vya mashamba ziko D. Excel inaandika njia nzima pamoja na herufi. Herufi ikibadilika, faili ya vipimo haionekani tena, lakini jedwali linaendelea kuonyesha namba za zamani ilizozitunza. Onyo linakuja, mutu anabofya haraka, linatoka. Jedwali safi kabisa, mavuno ya msimu uliopita. Mimi naogopa hilo kuliko diski iliyokufa, sababu diski iliyokufa angalau inajulikana.

Watetezi watasema: si unaweza kupanga herufi? Ndiyo. Bofya kulia kwenye Démarrer, ingia "Gestion des disques", chagua kipande cha kazi, badilisha D iwe T, herufi ya mbali ambayo fleshi haitaichukua haraka. C usiiguse, na ujue njia za mukato zilizoandikwa D hazitafunguka tena. Lakini dawa hiyo ni ya mashine ile moja.

Kinachosafiri ni jina. Bofya kulia juu ya kipande, "Renommer", andika KAKAO ERINGETI. Linaandikwa ndani ya kipande chenyewe: NTFS inakubali alama 32, FAT32 alama 11 tu. Lawama yangu kwa Windows njo hii: chombo kizuri iko nacho tangu siku za DOS, lakini inatuacha na "Disque local" mara mbili, bila kutuuliza jina. Kwa programu ya kusimika Windows, vipande vinaonyeshwa kwa namba na ukubwa, herufi haiko. Jina kama lipo, linasomwa pale pale, mbele ya fundi kubofya "Formater".