Wingu la Kusini na Hoja ya Pembezo

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili imo taswira moja iliyozoeleka hata haiulizwi tena: pwani ni kitovu, bara ni pembezo. Lamu, Pate, Mvita, Unguja na Pemba huwekwa katikati. Mshairi wa bara huhesabiwa kuwa mfuasi azungukaye, apokeaye nuru wala asiyetoa. Taswira hiyo imeazimwa mbinguni, basi haki yake ni kupimwa kwa mbingu hiyo hiyo. Kipimo chake chapatikana mahali ambapo wapenzi wa mashairi wa visiwani hawana desturi ya kupaelekea: wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Usiku wa Desemba au Januari, mbalamwezi isipokuwapo, aliyesimama Mugumu au katika miinuko ya Tarime na kuelekea kusini huiona Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani wameijua tangu kale. Chini yake, kiasi cha digrii 20 tu juu ya upeo, liko doa jeupe mfano wa kipande kilichomeguka kutoka Njia Nyeupe. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi kibete iliyo umbali wa karibu miaka ya nuru 160,000. Nduguye mdogo yuko kiasi cha 200,000. Mwezi wa Februari 1987 nyota moja ililipuka ndani ya wingu hilo ikaonekana kwa macho matupu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyota yoyote iliyolipuka tangu 1604. Jina lenyewe ni la Mreno aliyeondoka na msafara wake mwaka 1519, ilhali watu wa kusini walikuwa wakilitazama wingu hilo kabla babu zake hawajazaliwa. Mwaka 2023 walitokea wataalamu wa falaki waliotaka jina hilo libadilishwe. Hivyo hata mbinguni kitovu kimejipa haki ya kuita, na pembezo wajibu wa kuitika.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba Mawingu haya ni watumwa watiifu, yamekuwa yakiizunguka Njia Nyeupe mara nyingi tangu zamani. Vipimo vya darubini ya Hubble vilivyotangazwa mwaka 2006 vikaonyesha kuwa yanakwenda kasi kuliko ilivyodhaniwa. Tangu hapo wengi wameona kwamba huenda ndiyo kwanza yanapita karibu nasi: ni wageni, si watwana. Ajabu zaidi ni uzito. Wingu Kubwa hukadiriwa kuwa na kiasi cha sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano ya uzito wa Njia Nyeupe, na uzito huo unatosha kuivuta galaksi kubwa na kuitikisa mahali ilipo. Kinachozungukwa nacho kinasogea.

Mwenye kuirudia historia ya ushairi wetu kwa jicho hilo ataona mambo ambayo taswira ya kitovu huyaficha. Sheria za kutunga mashairi, zile zinazotajwa kana kwamba zilitoka baharini pamoja na chumvi, ziliandikwa kitabuni mwaka 1954 na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ngonjera zilipewa umbo na nguvu na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Diwani iliyowasha moto wa mjadala wa vina na mizani, Kichomi ya mwaka 1974, ilitoka kwa Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Na miaka 11 kabla yake, Julius Nyerere wa Butiama, wilaya iliyopakana na Serengeti, alikwisha kutoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, kwa mistari isiyo na vina. Wahakiki waliomlaumu Kezilahabi kwa kuvunja nyumba hawakuuliza ni nani aliyekwisha kufungua dirisha.

Nyerere huyo huyo ndiye aliyezigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Mtu mmoja wa Mara aliishika bahari ya utenzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaandika pasipo vina. Mfuasi hafanyi hivyo. Huo ni mvuto wa pande mbili.

Lakini mbingu ina mfano wa pili, nao hauna faraja. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi kibete katika buruji ya Kausi, upande wa pili wa kitovu cha Njia Nyeupe. Hiyo inararuliwa. Nyota zake zimetawanyika kama nyuzi ndefu kuizunguka galaksi kubwa, na baada ya muda haitajulikana ipi ilikuwa yake. Hapo ndipo hoja ya Tarime na Serengeti inapouma. Mkuria, Mngoreme na Mwikoma wana nyimbo zao. Wakuria wanayo litungu, zeze kubwa la nyuzi nane, na mtunzi apigaye litungu ana kanuni zake za kupanga maneno kwa pigo la uzi. Mtoto wa huko husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Ila wimbo wa litungu unapoingia katika vitabu vyetu huingia kwa mlango wa ngoma na mila. Mlango wa ushairi hufungwa. Huonyeshwa, hauhakikiwi. Hakuna anayeuliza mizani yake ni ipi. Huko ndiko kumezwa.

Atakuwapo msomaji wa pwani wa kujibu kwamba pasipo kitovu hakuna kipimo, na kwamba utungo wa Muyaka wa Mvita haukuwa bahati nasibu. Ni kweli. Uzito wa pwani ni uzito wa kazi ya karne nyingi, wala haupunguzwi kwa kukiri uzito wa wengine. Njia Nyeupe haikuacha kuwa kubwa pale ilipojulikana kuwa inavutwa. Linalotakiwa ni uhakiki wenye masikio: usikilize mizani ya litungu kama unavyosikiliza mizani ya utenzi, uitafsiri kwa Kiswahili pamoja na kanuni zake, kisha uulize Kiswahili kimeongezewa nini.

Suheli huonekana Unguja, huonekana Tarime. Wingu lililo chini yake hupanda Unguja kiasi cha digrii 26, juu kidogo kuliko huko Mara. Watu wa visiwani, basi, ndio wenye udhuru mdogo zaidi wa kusema hawakuliona.