Nchi Zilizopotea za Wajerumani na Fasihi Iliyozaliwa Nazo

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo habari za nchi walizopoteza Wajerumani, aghalabu hukumbuka Tanganyika, waliyonyang'anywa kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Lakini nchi hiyo haikuwa yao tangu asili. Waliipata kwa nguvu wakaipoteza kwa nguvu, na fasihi yao haikupata pengo kubwa. Katika vitabu vya Kijerumani maneno hayo yana maana nyingine. Zinakusudiwa Prussia ya Mashariki, Pomerania, Silesia na nchi nyinginezo zilizo mashariki ya mito Oder na Neisse, ambako watu wasemao Kijerumani walikaa kwa karne nyingi. Mwaka 1945 Mkutano wa Potsdam uliziweka chini ya Poland na Urusi ya Kisovieti. Zilikuwa kiasi cha robo ya Ujerumani ya mwaka 1937. Watu wapatao milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka huko na kutoka nchi nyingine za Ulaya ya Mashariki. Mpaka huo ulithibitishwa kwa mkataba baina ya Ujerumani na Poland mwaka 1990, na mambo ya siasa yakaisha hapo. Lililobaki ni swali la wahakiki: nchi hizo zilikuwa na thamani gani katika utamaduni wa Wajerumani, na fasihi iliyozaliwa na msiba huo ipimwe kwa mizani gani?

Njia iliyozoeleka ya kujibu swali hili ni kuhesabu watu mashuhuri. Kant alizaliwa Königsberg mwaka 1724 na kufa papo hapo mwaka 1804. Herder alizaliwa Mohrungen mwaka 1744, na Schopenhauer alizaliwa Danzig mwaka 1788. Silesia ilimtoa Opitz, ambaye kitabu chake cha mwaka 1624 kiliwafundisha Wajerumani kanuni za ushairi wa lugha yao. Ilimtoa Gryphius, ikamtoa Eichendorff, ikamtoa Hauptmann, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1912 na kufa katika nyumba yake ya Agnetendorf mwaka 1946, nchi ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa wengine. Orodha hii ni ya kweli, wala hapana sababu ya kuikana. Walakini ni hoja dhaifu. Yatwambia watu hao walizaliwa wapi, haitwambii nchi ile ilifanya nini katika kazi zao. Tena, anayeisoma orodha kama hiyo huona upesi kwamba imegeuzwa kuwa hati ya shamba: fulani alizaliwa hapa, kwa hiyo hapa ni petu. Utamaduni haupimwi kwa hati.

Ili kuona thamani ya nchi hizo, yafaa kutazama lugha zilizokuwamo. Kabla ya Wajerumani, Prussia ilikuwa nchi ya Waprussia wenyewe, watu ambao lugha yao ilikuwa ndugu ya Kilithuania. Katika karne ya 13 mashujaa wa Chama cha Kitutoni waliwashinda kwa upanga, wakajenga ngome ya Königsberg mwaka 1255. Mwaka 1544 Mtawala Albrecht alianzisha chuo kikuu katika mji huo, na mwaka uliofuata kikapigwa chapa humo kitabu cha mafundisho ya Kikristo kwa Kiprussia. Mwaka 1547 kikatoka katika mji huo huo kitabu cha Mažvydas, ambacho ndicho kitabu cha kwanza cha Kilithuania kupigwa chapa. Katika karne ya 18 kasisi Donelaitis alitunga katika kijiji cha Tolmingkehmen utenzi wake mkubwa wa Kilithuania juu ya maisha ya wakulima katika nyakati za mwaka. Huko Masuria wakulima walisema lahaja ya Kipolandi, na karibu na Danzig kilisemwa Kikashubi. Basi hizi hazikuwa nchi za lugha moja hata siku moja.

Hapo ndipo Herder anapoeleweka. Mtu aliyekulia na kusomea katika nchi ya namna hiyo, kisha akafundisha Riga miongoni mwa Walatvia, ndiye aliyekusanya katika mwaka 1778 na 1779 nyimbo za mataifa mengi, zikiwamo za Walithuania na Waestonia, akawaambia wasomi wa Ulaya kwamba wimbo wa mkulima una haki ya kusikilizwa sawa na utenzi wa Wagiriki. Fikira hiyo ni mojawapo ya zawadi kubwa zilizotoka upande ule wa mashariki, nayo haikutokana na Ujerumani mtupu bali na ujirani wa lugha. Hata hivyo ujirani huo usipambwe kupita kiasi. Kiprussia kilikufa mwanzoni mwa karne ya 18, katika nchi ile ile ambayo mitambo yake ya chapa ilikihifadhi. Leo wanaisimu wanakijua zaidi kwa vitabu vitatu vya mafundisho ya dini vya mwaka 1545 na 1561, na orodha chache za maneno.

Jambo hili lawagusa hata wasomi wa Kiswahili. Carl Gotthilf Büttner, mwalimu wa kwanza wa Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, alizaliwa Königsberg mwaka 1848. Ndiye aliyetoa mwaka 1892 mkusanyo wa barua na maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1894, baada ya kufa kwake, ukatoka mkusanyo wa fasihi ambamo imo habari ya Amur bin Nasur, mwalimu Mswahili aliyekaa Berlin. Wanafunzi wa chuo kile wengi wao walikuwa watu wa serikali waliojitayarisha kwenda kutawala. Kama ilivyokuwa kwa kitabu cha Kiprussia, kusikiliza na kutawala kulikwenda pamoja. Mtafiti anayefaidika na maandishi hayo hana budi kuyakumbuka yote mawili.

Kwa mizani hiyo yaweza kupimwa fasihi iliyoandikwa baada ya mwaka 1945. Mfano wa kwanza ni Agnes Miegel, mshairi wa Königsberg aliyezaliwa mwaka 1879 na kufa mwaka 1964. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa fundi wa tenzi fupi za masimulizi, na mashairi yake ya kuiaga nchi yake yaliwaliza maelfu waliokuwa wamepoteza kila kitu. Majonzi yake ni ya kweli. Lakini mwaka 1933 alitia saini ahadi ya utii kwa Hitler, mwaka 1940 akaingia katika chama chake, na baada ya vita hakuyatazama hayo katika ushairi wake. Katika mashairi yake ya kuaga, msiba waja kama gharika, hauna aliyeuanza. Walioteswa na Wajerumani kabla ya gharika hiyo hawamo. Hii ndiyo kasoro yake, nayo ni kasoro ya sanaa wala si ya maadili peke yake, maana maombolezo yanayoficha nusu ya habari hupungukiwa na uzito hata katika ile nusu yanayoisema.

Johannes Bobrowski, aliyezaliwa Tilsit mwaka 1917, alishika njia nyingine. Alikuwa askari katika jeshi lililoingia Urusi, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1949. Mashairi yake yametaja mito na vijiji vya kwao kwa mapenzi yasiyopungua ya Miegel. Lakini alitunga pia maombolezo ya Waprussia wa kale, watu walioangamizwa na mababu wa hao wanaolia sasa. Kwa shairi hilo nchi yaonekana kuwa imepotea mara mbili, na msiba wa pili haufahamiki bila ya wa kwanza. Katika riwaya yake Levins Mühle ya mwaka 1964, ambayo habari zake ni za mwaka 1874, msimulizi aeleza jinsi babu yake Mjerumani, mwenye kinu cha maji, alivyofungulia maji usiku ili kukizoa kinu cha Levin, Myahudi kijana aliyehamia hapo. Kijijini mna Wajerumani wenye majina ya Kipolandi, na Wapolandi wenye majina ya Kijerumani. Mjukuu hamfichi babu, wala hamkani. Huko ndiko kurithi.

Günter Grass, katika Die Blechtrommel ya mwaka 1959, aliuhifadhi mji wa Danzig, ambao tangu mwaka 1920 ulikuwa mji huru nje ya Ujerumani, lakini wakazi wake wengi wakiwa Wajerumani. Aianza riwaya yake kwa bibi Mkashubi ameketi katika shamba la viazi, naye ndiye anayebaki wengine wanapohamia magharibi. Mwaka 2006 Grass alikiri kwamba ujanani alitumikia jeshi la Waffen-SS, na wengi walimlaumu kwa kunyamaza muda mrefu. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo riwaya yenyewe haikunyamaza juu ya maovu ya mji ule. Siegfried Lenz naye, mzaliwa wa Lyck, aliandika Heimatmuseum mwaka 1978. Mfumaji wa mazulia kutoka Masuria ameijenga upya, magharibi ya Ujerumani, nyumba ya kuhifadhia vitu vya kwao, kisha aichoma moto kwa mkono wake, alipoona kwamba watu wa chama cha waliohama wataka kuitumia kwa siasa zao. Kisha, akiwa kitandani hospitalini, amsimulia kijana mmoja habari za vitu vyote vilivyoteketea. Vitu vimekwenda, na kumbukumbu imebaki katika maneno, ambayo hayawezi kugeuzwa kuwa dai la ardhi. Mwaka 1970 Grass na Lenz walifuatana na Waziri Mkuu Brandt kwenda Warsaw kutiwa saini mkataba wa kuukubali mpaka.

Wahenga husema, mwacha asili ni mtumwa. Waandishi hawa hawakuacha asili. Waliichunguza, wakakuta kwamba asili yenyewe ilikuwa ya wengi. Hata walioingia baada yao walikuja na misiba yao. Katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław, walihamia Wapolandi wengi waliopoteza makao yao upande wa mashariki, na sehemu ya maktaba ya Ossolineum ililetwa huko kutoka Lwów. Königsberg ikawa Kaliningrad mwaka 1946. Magofu ya ngome yake yalibomolewa kwa baruti mwaka 1968, lakini kaburi la Kant kando ya kanisa kuu halikuguswa, na mwaka 2005 chuo kikuu cha mji huo, ambacho sasa ni cha Warusi, kilipewa jina lake.

Kwa hiyo thamani ya nchi zile katika utamaduni wa Wajerumani ni kubwa, lakini si ile inayodaiwa na orodha za watu mashuhuri. Zilikuwa mahali ambapo Kijerumani kiliishi na lugha nyingine, pengine kikizisikiliza, pengine kikizizima. Mwandishi anayekumbuka hali hizo mbili amepokea urithi wake wote. Anayekumbuka moja tu, hata akiwa na sauti nzuri kama ya Miegel, amewaachia wasomaji wake nusu ya nchi.