Aliyerudi Baada ya Miaka 35

Nikitazama filamu ya mauaji, kwa kawaida huanza kumtafuta muuaji kabla maiti haijapoa. Safari hii sikumtafuta. Macho yangu yote yalikuwa kwa mpelelezi.

Ni sehemu moja ya mfululizo wa Waingereza uitwao Lewis, iliyoonyeshwa na ITV mwaka 2009 kwa jina la Counter Culture Blues. Inspekta Lewis wa Oxford, anayeigizwa na Kevin Whately, anafika kwenye jumba la Richie Maguire wa bendi ya roki ya Midnight Addiction. Bendi imechakaa, kilichobaki ni fedha, visirani na kumbukumbu. Lakini ujanani Lewis aliipenda kufa, kwa hiyo anaingia pale kama mtoto aliyepelekwa kumwona mfalme, na msaidizi wake Hathaway anamcheka chini kwa chini. (Nilifurahi kwa ajili yake. Miaka yote aliyomtumikia Morse alisikilizishwa Wagner na kufanywa mshamba. Hatimaye muziki wake nao umepewa heshima.) Mara anatokea Esme Ford, mwimbaji aliyesadikiwa kufa miaka 35 nyuma. Anaigizwa na Joanna Lumley.

Rafiki zangu walisema huo ni upuuzi, wafu hawarudi. Mimi nasema ndipo filamu inapopata uzito. Lewis ni mgane. Tangu mfululizo ulipoanza mwaka 2006 tunajua kwamba mkewe, Val, aligongwa na gari na dereva akakimbia. Sasa mtu huyu, aliyekwisha kumzika Val, anamwona mwanamke wa santuri zake amesimama mbele yake, hai. Swali la kwanza la askari lingekuwa: wewe ni nani hasa? Swali hilo ni gumu kwa mtu anayetamani jibu liwe lile analolitaka.

Naijua hali hiyo. Niliwahi kumkuta harusini mpiga gitaa niliyemcheza ujana wangu wote. Alikuwa akiwapigia watu waliokuwa wakila. Nilimwamkia, shikamoo mzee, nikamtajia wimbo wake. Akasema hakupiga yeye, alipiga mwenzake, marehemu. Nilimkasirikia wiki nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyesema uongo.

Lawama yangu ni kwa jambo jingine. Katika kesi hiyo hiyo yumo kijana yatima aliyekufa. Hana santuri, hana picha ukutani, wala hakuna mtu mzima aliyemlilia ujanani mwake. Filamu inamhitaji ili polisi wawe na kazi, kisha inarudi mbio kwa wazee wenye magauni na magitaa. Sitasema nani aliua wala kwa nini; asiyeitazama aachiwe raha yake. Ila dakika zinazotolewa kwa Esme zikilinganishwa na zile za mtoto, nilijikuta naona haya, maana hata mimi nilikuwa nikingoja Lumley arudi.

Nimeitazama mara ya pili, nikamfuata yule mtoto peke yake. Ilikuwa kazi fupi.