Ile "Ji" ya Kujiua

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE hupenda swali moja: eleza matumizi ya "ji". Unajibu, unaokota alama zako, unasonga. Lakini kuna hadithi moja ambayo siwezi tena kuisoma bila kulifikiria swali hilo.

Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, unaijua. Ni "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, ndani ya setibuku ya miaka ile, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Samueli anafeli mtihani. Anamdanganya baba yake, uongo unafichuka, na kijana anaamua kujiua. Anaokolewa. Baba naye, badala ya kumshika mkono, anamtolea maneno makali kuliko hata yale matokeo.

Sisi tuliisoma tukiwa Kidato cha Tatu, katika shule ya bweni huko juu ya Kianjokoma, Embu, mahali majani chai yanapopakana na msitu wa Mlima Kenya na maji ya asubuhi yanauma kama meno. Maneno ya baba yalichekesha darasa zima. Kisha tukaandika pembeni kwa penseli: kinaya. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine.

Mimi naona Kimaliro alipiga ndipo, tena pagumu. Hadithi nyingi za shule zingemalizia kwa mazishi, au kwa mhubiri na machozi ya toba. Yeye anatupeleka baada ya kuokolewa, pale mtoto anaporudi kwa watu walewale, na ngoma ya pili inapoanza. Huko ndiko kazi ya kumzuia mtu asijiue huwa kubwa zaidi, na huko ndiko mitihani yetu haikai. Inadai muktadha, alama nne.

Ninachokosa katika hadithi ni bweni. Uzito wote umewekwa kwa baba na matokeo, na kusema kweli wengi wetu hatukujifunzia kunyamaza nyumbani. Tulijifunzia shuleni, tukiwa mono. Unaambiwa upige simu kwa mama ukitumia kiatu, na uongee mpaka "apokee". Unapuliza taa ya umeme hadi izime. Boksi lako linafunguliwa, shopping inaenda, na usiku unafua soksi za Fomu Foo kwa maji ya barafu. Miaka kumi baadaye watu wazima wanayasimulia hayo kwenye nyama choma, meza inavunjika kwa kicheko. Hiyo nayo ni fasihi simulizi, si ati? Ina shujaa na ina vichekesho. Isipokuwa wanaoisimulia ni wale waliovuka tu. Yule aliyehama muhula wa kwanza bila kuaga hana zamu ya kuongea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Bwenini sikuwahi kusikia mtu akiitaja.

Sasa turudi kwa "ji". Kazi yake ni kulirudisha tendo kwa mtendaji. Samueli ni mtenda, Samueli ni mtendwa, sentensi imefungwa. Aliyemcheka hana nafasi ndani yake. Simaanishi tumsake mtu mmoja wa kubebeshwa lawama. Jambo moja pekee halimfikishi mtu hapo, na mara nyingi pana ugonjwa unaotibika. Ila sarufi hii inawafaa sana wenye nguvu. Wakenya wengi walilisikia jina Kianjokoma Agosti 2021, ndugu wawili walipofariki baada ya kukamatwa kwa kukiuka kafyu. Hiyo haikuwa habari ya kujiua. Lakini maelezo ya polisi yalikuwa na "ji" ileile: ati walijirusha kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Mji uliingia barabarani kuikataa sentensi hiyo, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji.

Na sheria? Miaka yote mitano tuliyokuwa tukimtahini Samueli, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu kama yeye kuwa mhalifu: anatolewa kwenye kifo, anapelekwa kituoni. Ni tarehe 9 Januari 2025 tu ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jaji alimsoma Samueli vizuri kuliko mwongozo wowote niliowahi kununua.

Kitabu kimetoka kwenye silabasi, lakini nakala zake bado zinazunguka, na penseli zetu zimo ndani. Mwalimu atakayeifungua hadithi hii mbele ya darasa aandike 116 ubaoni kabla hajauliza mbinu za lugha. Ni namba ya Childline Kenya, haitozwi, inapokelewa usiku na mchana.